Tausi Asifunguliwe Bado: Barua kwa Rafiki kuhusu Joto la Mbwa Jike

Morogoro,
8 Juni 2025.

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu. Sisi sote tu wazima, na nimefurahi kusikia kwamba shemeji na watoto nao hawajambo licha ya baridi ya huko Usa River. Barua pepe yako ya jana nimeisoma kwa makini, kwa sababu ndani yake yamo mambo mawili ambayo hayawezi kusubiri, na moja kati ya hayo umelitaja kwa kupita tu, mwishoni kabisa, baada ya habari za harusi. Uniwie radhi nikianza na hayo kabla ya maelezo marefu uliyoyaomba kuhusu joto la mbwa jike, yaani majira yake ya kutaka dume.

La kwanza ni Tausi, mbwa wako jike. Umesema tone la kwanza la damu uliliona sakafuni tarehe 28 Mei, kwamba sasa damu imefifia na karibu imekwisha, na kwamba mlinzi amekushauri umfungulie usiku kama kawaida ili aendelee kulinda. Nakusihi usimfungulie, kwa maana siku alizoziingia sasa ndizo hasa siku za kushika mimba. La pili ni yule jike mzee wa mama mkwe wako. Mbwa wa miaka 9 ambaye hajafungwa kizazi, aliyemaliza joto mwezi uliopita, na ambaye sasa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara na kususa chakula, hafai kungojewa apate nafuu mwenyewe. Kesho Jumatatu asubuhi na mapema apelekwe kwa daktari wa mifugo. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini usingoje mpaka uzisome ndipo umpigie mama simu.

Sasa nirudi kwa Tausi. Wengi tunapoona damu kwa mbwa jike huichukulia kama ile ya mwanamke, na hapo ndipo hesabu yote inapokwenda mrama. Mwanamke hutokwa na damu baada ya mimba kukosa kutungwa, wakati utando wa mji wa mimba unapobomoka ili mzunguko uanze upya. Mbwa hutokwa na damu kabla mayai hayajatoka. Ovari zake zinapokuza mayai humwaga homoni ya estrojeni kwa wingi, na homoni hiyo huvimbisha uke, hunenepesha utando wa mji wa mimba na kuijaza damu mishipa yake midogo, hata nyingine ikavuja na kutoka nje. Damu hiyo ni ya maandalizi, na inapofifia maana yake ni kwamba maandalizi yamekamilika. Mtu anayemfungia mbwa wake siku za damu na kumfungulia inapokoma huwa amemlinda siku ambazo jike mwenyewe alikuwa akiwafukuza madume, kisha akamwachia siku anazowataka. Mimba nyingi zisizotarajiwa mitaani kwetu hupatikana namna hiyo, wala si kwa uzembe, kwa kuwa mwenye mbwa aliamini kweli kwamba hatari imepita.

Hatua hiyo ya kwanza, ya damu, kwa wastani huchukua siku 9, ingawa wako wanaoimaliza kwa siku 3 tu na wako wanaoivuta hadi kupita wiki mbili. Jike hujilamba sana na kukojoa kidogo kidogo kila mahali, na mkojo wake hubeba harufu ambayo madume huinusa kutoka mbali. Ndiyo maana umeanza kuwaona mbwa usiowajua wamelala nje ya geti. Wakimkaribia huwang'akia, huketi chini au hubana mkia katikati ya miguu. Hatua ya pili, ambayo ndiyo joto lenyewe, nayo kwa wastani ni siku 9, lakini inaweza kuwa 3 au ikafika 21. Hapo estrojeni hushuka, homoni nyingine iitwayo projesteroni huanza kupanda hata kabla mayai hayajatoka, na tabia ya mbwa hugeuka: yule aliyekuwa mkali huwaita madume kwa sauti ya kulalamika, huchimba chini ya uzio na hutoroka hata kama hajawahi kutoroka maishani mwake.

Kwa kuwa siku hutofautiana kutoka jike mmoja hadi mwingine, usitegemee kalenda peke yake. Kila asubuhi chukua kipande cha kitambaa cheupe cha pamba na umfute taratibu, kisha kiangalie kwenye mwanga wa jua. Siku za mwanzo utaona doa jekundu lililokolea, lenye utando kidogo. Baadaye doa huwa la waridi lenye majimaji, halafu hubaki unyevu wa rangi ya majani makavu ambao usipoangalia vizuri hutauona kabisa. Angalia na uke wenyewe: wakati wa damu huwa umevimba na ni mgumu ukiugusa, na joto lenyewe likifika hubaki mkubwa lakini hulegea. Kisha mkune mgongoni karibu na shina la mkia. Akisimama tuli, akainua kiuno na kuupeleka mkia upande mmoja, huo ndio wakati wake. Ulivyoniandikia kwamba Tausi "amekuwa mpole ghafla na anageuza mkia ukimsugua" ndicho kilichonifanya niandike usiku huu huu.

Liko jambo jingine linaloziongeza siku za hatari. Mayai ya mbwa yanapotoka huwa bado machanga na huhitaji kama siku 2 au 3 ndani ya mirija kabla hayajaweza kurutubishwa, na baada ya hapo huendelea kuwa hai kwa siku kadhaa. Mbegu za dume nazo zinaweza kukaa hai ndani ya jike hata siku 7. Kwa hiyo dume aliyempanda mapema sana bado anaweza kuwa baba, na dume mwingine aliyekuja siku 4 baadaye akawa baba pia, ndiyo maana si ajabu jike mmoja kuzaa kwa mkupuo mmoja watoto wa madume wawili au zaidi. Usifarijiwe na mtu atakayekuambia kwamba "amepandwa mara moja tu."

Mfungie basi hadi tarehe 25 Juni, ambazo ni wiki 4 kamili tangu tone la kwanza. Wengi husema wiki 3 zinatosha, na kwa majike wengi ni kweli, lakini hili ni joto lake la kwanza nawe hujaujua mwendo wake. Kwa mbwa wachanga joto la kwanza wakati mwingine huanza, likazimika katikati, kisha likarudi baada ya wiki chache, na hilo la kurudi ndilo lenye mayai. Damu ikionekana tena mwezi Julai, uanze kuhesabu upya.

Mahali pa kumfungia pana uzito wake. Desturi yetu ya kumweka mbwa bandani mchana na kumwachia usiku alinde ndiyo inayowapa madume nafasi, kwa hiyo kwa wiki hizi Tausi alale ndani ya nyumba, au kwenye banda lenye paa, sakafu ya saruji na mlango wa komeo. Nimemwona dume akiukwea ukuta ambao wenye nyumba waliuamini kabisa, na mbwa hupandana hata kupitia uwazi wa geti la nondo. Zaidi ya yote, asifungwe mnyororo uani. Jike aliyefungwa mnyororo hana pa kukimbilia madume wanapomjia, na wao wakigombana juu yake humwuma naye pia. Makundi hayo ya madume ni hatari hata kwa watu, maana hung'atana ovyo na watoto hupita katikati yao wakienda shule, nasi tunajua kwamba kichaa cha mbwa hupita kwa meno. Hakikisheni mbwa wote wa nyumbani wana chanjo ya mwaka huu. Kama imepita, msingoje kampeni za Septemba.

Yule dume wenu, ingawa ni kaka yake wa tumbo moja, mwondoeni. Mbwa hawajali udugu. Kumtenga kwa wavu tu ndani ya ua mmoja ni kumtesa, kwani hatakula na hatalala, kwa hiyo kama shemeji ana rafiki mwenye uwanja mzuri, mpelekeni huko hadi mwisho wa mwezi. Kumpaka Tausi mafuta ya kafuri au manukato ili kuficha harufu hakutasaidia, na kumfunga nepi kutaiweka safi sakafu lakini hakutamzuia dume.

Ikitokea mkawakuta wamenasana, tafadhali uwakataze vijana kuwamwagia maji au kuwapiga mawe. Shina la uume wa mbwa huvimba likiwa ndani ya uke na hukaa hivyo kwa dakika 5 hadi 30, wakati mwingine zaidi, na wakivutwa kwa nguvu huchanika wote wawili. Mbegu wakati huo zimekwishaingia, hivyo kuwaachanisha hakuzuii lolote. Wasubirini watulie, mwandike tarehe, na siku ya pili mzungumze na daktari. Mimba huchukua takriban siku 63, na kuanzia siku ya 25 hivi inaweza kuonekana kwa kipimo cha ultrasaundi. Kuna njia za kitabibu za kuisitisha mapema, lakini ile sindano ya estrojeni ambayo wengine huitoa siku chache baada ya jike kupandwa uikatae, kwa maana inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu na kuleta usaha katika mji wa mimba.

Umeuliza pia kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, ambayo jirani yako humchoma jike wake kila joto linapokaribia. Ni kweli humzuia kuingia kwenye joto. Lakini dawa iliyomo ni ya jamii ya projesteroni, nayo ikikaa mwilini mwa mbwa kwa miezi hunenepesha utando wa mji wa mimba, huongeza hatari ya usaha, ya uvimbe wa matiti na hata ya kisukari. Mimi siipendi kabisa, na mwambie jirani kwa upole kwamba fedha anayoitumia kidogo kidogo ingetosha siku moja kumfunga kizazi mbwa wake.

Hapo nafika kwa mbwa wa mama mkwe. Joto linapokwisha, projesteroni hubaki juu kwa muda wa kama miezi miwili, na hubaki juu hata kama jike hana mimba, jambo ambalo kwa wanyama wengi tunaowafuga halipo. Miezi hiyo miwili mji wa mimba huwa umetulia, mlango wake umejifunga, utando wake umejaa majimaji na kinga yake imepungua. Bakteria walioingia mlango ulipokuwa wazi wakati wa joto hupata mahali pazuri pa kuzaliana. Jike akiwa kijana mara nyingi hushinda, lakini kila joto huuacha utando umechakaa zaidi, na mbwa hawafikii ukomo wa uzazi kama wanawake. Wataendelea kuingia kwenye joto hadi uzeeni, hata kama kwa nafasi ndefu zaidi. Ndiyo maana usaha huu huwapata hasa majike wakubwa, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 8 baada ya joto. Huko Uswidi, ambako mbwa wengi wana bima na kumbukumbu zao huhifadhiwa, imeonekana kwamba karibu robo ya majike huupata kabla ya kutimiza miaka 10.

Kiu kubwa ndiyo inayowapotosha watu, kwa kuwa haionekani kuhusiana na uzazi. Sumu ya bakteria huathiri figo, figo zikashindwa kuuzuia mkojo, na mbwa akalazimika kunywa bila kukoma. Usipoona usaha ukitoka usidhani haupo. Mlango wa mji wa mimba ukiwa umefungwa, usaha hukusanyika ndani, tumbo likajaa, na hali hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mji wa mimba unaweza kupasuka. Mwambieni daktari tarehe joto lilipokwisha, mwombeni apime damu na aangalie tumbo kwa ultrasaundi kama anayo. Kama ndivyo ninavyohofia, tiba yake ni upasuaji wa kuutoa mji wa mimba pamoja na ovari, akiwa amewekewa maji ya mishipani na dawa za kuua bakteria. Asipewe diklofenaki wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu wakati mnasubiri. Mama asiogope umri wa mbwa wake, kwa maana wengi wa rika lake hupona wakifikishwa mapema.

Kuna damu nyingine ambayo si ya joto, na ningependa uijue kwa sababu mbwa wanaozurura hapa kwetu wanayo sana. Ni saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa kwa kupandana: chembe hai za uvimbe zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine na kuota huko, na wanasayansi wamethibitisha kwa vinasaba kwamba uvimbe wote huo duniani chimbuko lake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Jike hudondosha damu kwa wiki nyingi bila mpangilio, na ukimkagua huona kinyama chenye vifundo kama kichwa kidogo cha koliflawa. Kwa bahati njema hutibika vizuri kwa dawa ya vinkristini, inayochomwa mshipani mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Tausi akiendelea kudondosha damu baada ya tarehe 25, usiseme joto lake ni refu. Mpeleke akaguliwe.

Mwezi Agosti, hata asipopandwa, unaweza kumkuta chuchu zimejaa, zinatoa maziwa, na amekokota kandambili ya mtoto hadi pembeni mwa kabati, amejiviringisha nayo, anailamba na kumng'akia anayetaka kuichukua. Projesteroni inaposhuka na homoni ya maziwa kupanda, mwili wake huamini umezaa. Si wazimu wala si uchawi. Msimpige, na msimkamue wala kumkanda chuchu, kwa maana kumkamua huzidisha maziwa; mtoeni matembezi marefu, na hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki 2 au 3. Waeleze watoto mapema wasimsogelee akiwa na "mwanawe."

Umeuliza joto litarudi lini. Kwa wastani mbwa huingia kwenye joto kila baada ya miezi 7 hivi, lakini German Shepherd, ambao ndio damu iliyo nyingi kwa Tausi, wanaweza kurudia baada ya miezi 4 au 5. Kwa upande mwingine wapo Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo wasiobweka kama wengine, ambao huingia mara moja tu kwa mwaka, kama mbwa mwitu wa Ulaya na Marekani. Hakuna uhusiano na mwezi wala msimu wa mvua kwa mbwa wetu wa kawaida, wala sioni haja ya kumzalisha "angalau mara moja" kabla ya kumfunga. Hakuna faida ya kiafya aipatayo kwa kuzaa.

Kuhusu kumfunga kizazi, ningekushauri mpange katikati au mwishoni mwa Septemba. Wakati wa joto mishipa ya kizazi huwa imejaa damu na upasuaji huwa na hatari zaidi, na akifungwa akiwa na maziwa hali ile ya kujiona mama inaweza kukwama na kuendelea kwa miezi. Mwishoni mwa Septemba itakuwa imepita miezi mitatu hivi, mwili umetulia, na huenda joto la pili halijafika. Tena wakati huo atakuwa ametimiza mwaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, huko Davis, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kumbukumbu za German Shepherd, wakaona kwamba waliofungwa au kuhasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo, hasa ya magoti, zaidi sana kuliko walioachwa. Kwa hiyo kuchelewa kwako, ambako ulikuwa ukijilaumu, kuna upande wake mzuri kwa mbwa mkubwa kama huyu. Dume naye mngemhasi wakati huo huo, ili baada ya hapo mlinzi aweze kuwafungulia wote wawili usiku bila wasiwasi.

Nitakupigia kesho saa sita mchana kujua daktari amesema nini kuhusu mbwa wa mama. Ukiweza, unitumie pia picha ya kitambaa cha asubuhi, kikiwa kwenye mwanga wa jua na si wa taa, pamoja na tarehe, ili tufuatane siku kwa siku mpaka joto liishe.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na mama mkwe umpe shikamoo yangu.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.